Gari inachemka mu milima ya Bukavu? Anzia hapa

Ukiona sindano ya moto inapanda pale unapanda Ngomo ukitoka Kamanyola, zima klimatizasio, washa shofaji mpaka mwisho hata kama utatoka jasho, ile inatosha moto ku motere, kisha tafuta fasi ya muzuri usimame uzime. Na nakuomba ndugu yangu, usifungule kifuniko ya radiatere ikingali moto!! Maji iko na presio, inakurukia ku uso. Ngoja hata dakika 30.

Ikipoa, angalia kama maji imepunguka, pitisha mukono ku tiyo zote na chini ya pompi ya maji. Inachemka tu ukisimama mu ambutiyaji, ukitembea inapoa? Mara mingi ni vantilatere, anzia ku fizibu yake. Inachemka mu kupanda? Radiatere inaweza kuwa imeziba ao termostati (kile kinafungulia maji njia ya kwenda ku radiatere) haifunguke, pale utasikia tiyo moja ya radiatere inachoma na ingine iko baridi.

Kifuniko njo watu wanasahauka sana. Bukavu iko karibu metre 1500 juu, maji ya wazi inachemka ku digrii 95 hivi, haifike 100, na ile kifuniko njo inashika presio ili isichemke mbiyo. Kaucho yake ikichoka, badilisha, haina bei kali.

Lakini mafuta ya motere ikikuwa kama kahawa ya maziwa, usiwashe tena hata kidogo, maji imeingia mu mafuta, vutisha gari mpaka kwa mekanisiye.