Kuitambua malakaiti: ukijani peke yake hautoshi

Malakaiti ni kaboneti ya shaba, Cu₂CO₃(OH)₂. Hujengeka karibu na uso wa ardhi, maji yenye kaboni dioksaidi yanapobadilisha madini mengine ya shaba. Ndiyo maana hukaa jirani na azuraiti ya bluu na kutu ya chuma.

1. Tazama kwa lenzi ya mara 10. Mistari ya kijani kilichokolea na kilichopauka hufuata mabonge ya duara, na upana wake haulingani. Ikilingana mno, shuku plastiki.

2. Sugua jiwe nyuma ya kigae, upande usio na mng'ao. Unga uwe kijani hafifu.

3. Ugumu ni 3.5 hadi 4 kwa kipimo cha Mohs: msumari wa chuma unaikwaruza, ukucha hauwezi.

4. Pima uzito likiwa kavu, tuseme gramu 80. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame bila kugusa kikombe. Mizani ikisoma 21, gawanya: 80 ÷ 21 = 3.8. Malakaiti safi huwa kati ya 3.6 na 4.05, mwamba ulioshikamana nayo hushusha jibu.

5. Asidi. Wengi hukosea hapa: wanadondoshea jiwe zima, kalisaiti ya pembeni (madini mengine ya kaboneti) inatoa povu, wanashangilia. Kwangua unga wa sehemu ya kijani tupu, uweke kwenye kioo, dondoshea asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10. Povu litoke na maji yageuke kijani. Chovya humo msumari uliosuguliwa. Baada ya muda mfupi utavaa wekundu wa shaba.

Siki inafaa?
Inafaa, ila ni ya polepole. Tafuta vipovu kwa lenzi. Isiguse jiwe lililong'arishwa, italififisha.

Langu ni kijani-bluu, unga hautoi povu.
Huenda ni krisokola. Nayo ina shaba, lakini ni silikati (madini ya silika), si kaboneti itoayo povu, kwa hiyo msumari pekee usikudanganye.

Naweza kulikata nyumbani?
Kwa maji yanayotiririka na barakoa ya vumbi, kwani vumbi lake lina shaba na ni sumu. Usilisafishe kwa amonia, wala usilipashe moto: hugeuka oksidi nyeusi, na ukijani haurudi.