Somo: Mshahara wa nesi wa zamu ya usiku

Ndugu zangu wenye zahanati, habari za kazi. Nakokotoa mishahara ya zahanati ndogo hapa Dar, na nikikabidhiwa kituo kipya siombi kwanza daftari la mishahara. Naomba ratiba ya zamu, ile iliyobandikwa ukutani. Humo ndimo haki ya nesi inapopotea, mara nyingi bila mwajiri kukusudia.

Hatua ya 1: Mkataba. Uwe wa maandishi. Kabla hujaandika kiasi, angalia kima cha chini cha huduma za afya kwenye Amri ya Mishahara iliyoanza Januari 1, 2026.

Hatua ya 2: Zamu. Hapa tutulie. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zahanati nyingi usiku zina zamu ya saa 12, saa mbili hadi saa mbili. Inaruhusiwa bila ovataimu iwapo tu mmekubaliana kwa maandishi, na isizidi siku 5 wala saa 45 za kawaida kwa wiki. Karatasi hiyo isipokuwepo, kila saa inayozidi 9 inalipwa mara moja na nusu.

Tumchukue nesi wa sh. 600,000. Gawa kwa 4.333, kisha kwa 45: saa yake moja ni kama sh. 3,077, na ya ovataimu sh. 4,616. Halafu kuna posho ya usiku, asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Hiyo ni kama sh. 154 kwa saa. Akikesha kazini siku 12 kwa mwezi, inazidi sh. 18,000. Mtu anayepanda daladala mbili kutoka Chanika hadi kazini anaijua thamani ya hela hiyo. Chai na mkate mnavyompa ni wema wenu, haviwi badala ya posho.

Na ile saa moja ya mapumziko? Nesi aliye peke yake, mlango wazi, mgonjwa anaweza kuingia wakati wowote, hajapumzika. Saa hiyo anailipwa.

Hatua ya 3: Makato. Posho naiweka kando ili hesabu ionekane, ingawa nayo inakatwa kodi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 ni sh. 60,000. Zinabaki 540,000, na hizo ndizo zinazopigiwa PAYE, yaani kodi ya mshahara: 270,000 za kwanza hazina kodi, 250,000 zinazofuata asilimia 8 (sh. 20,000), 20,000 za mwisho asilimia 20 (sh. 4,000). Mkononi anapata sh. 516,000. Wewe unaongeza NSSF sh. 60,000 na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, sh. 3,000. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ni kwa mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kodi ifike TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata kupita.

Hatua ya 4. Mpe hati ya mshahara kila mwezi, makato yote yakionekana.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mbagala: Mwalimu, nesi kaangusha mashine ya kupima sukari ikavunjika. Naweza kumkata mwezi huu?*
Usikate kwanza, dada yangu. Lazima kosa liwe lake, umsikilize, akubali kwa maandishi, usizidishe hasara halisi, na makato yasivuke robo ya malipo yake.

*Mwanachama, Kimara: Daktari wetu ameajiriwa serikalini, kwetu anakuja jioni kama deiwaka. Namlipa taslimu tu.*
Kaka, kwenu ni ajira yake ya pili. Akiwa mwajiriwa wenu, kodi inakatwa asilimia 30 moja kwa moja, bila kupitia ngazi zile za PAYE. Ongea naye mapema, asije akashtukia mwisho wa mwezi.

*Mwanachama, Tandika: Shikamoo. Nesi wangu ana mimba ya miezi saba na usiku sina mwingine.*
Marahaba, mwanangu. Miezi miwili kabla ya kujifungua sheria hairuhusu apangwe usiku, na miezi miwili baada ya kujifungua pia. Yeye sasa ndiyo anaingia humo. Mhamishie mchana kuanzia ratiba ya wiki hii. Usiku tafuta nesi wa muda, na kama hapatikani, funga kituo saa mbili usiku mpaka apatikane.