Jinsi ya kupima maoni ya wageni kabla ya kulipia hoteli Zanzibar

Mtu anayetafuta hoteli ya ufukweni Zanzibar akiwa Dodoma au Nairobi huanza kwa kuhesabu nyota ambazo wageni wameipa mtandaoni, ilhali nyota ndizo rahisi kuzighushi. Mwaka 2017, Oobah Butler wa London alikiandikisha kibanda cha bustanini kwake kama mgahawa kwenye Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, akawaomba jamaa zake wakisifu, na kabla ya mwaka kwisha kibanda hicho kisichopika chochote kikawa cha kwanza miongoni mwa migahawa ya jiji hilo.

Anza kwa kuuliza ni nani anayeruhusiwa kuandika. Booking.com, tovuti ya kuweka nafasi hotelini, huomba maoni kwa aliyeweka nafasi kupitia kwao, na Tripadvisor humpokea yeyote mwenye akaunti. Tofauti hiyo haiondoi uongo, ila huufanya uwe ghali.

Kisha tafuta katika maneno yenyewe jambo ambalo asiyefika hawezi kulijua. "Hoteli nzuri, wahudumu wakarimu, tutarudi" yaweza kuandikwa na yeyote aliye popote. Lakini anayeeleza kwamba maji ya bafuni yalikuwa na chumvi, au kwamba vyumba vya nyuma vinapakana na jenereta, yaelekea alilala hapo. Tazama pia tarehe: sifa kumi zilizoingia ndani ya siku tatu, baada ya miezi ya ukimya, zinatia shaka, hasa ikiwa waandishi wake hawajawahi kuandika kuhusu mahali pengine.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, si kumbaini mwongo bali kumwelewa mkweli asiyeyajua mazingira. Mgeni wa Paje au Jambiani, vijiji vya pwani ya mashariki, hulalamika kwamba "bahari haipo", na hasemi uongo, kwa kuwa huko maji yanapokupwa hurudi nyuma mamia ya mita, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hurudi mbali zaidi; mwenzake aliyefikia Nungwi, kaskazini, ambako mtu huogelea karibu wakati wote, atatoa nyota tano kwa hoteli ya hali ileile. Aliyekwenda Aprili, katikati ya masika, naye atalaumu mvua kana kwamba ni kosa la meneja. Malalamiko ya namna hii yasipunguze alama za hoteli. Yakusaidie kuchagua kijiji na mwezi.

Majibu ya hoteli nayo yasomwe. Anayemjibu kila mgeni kwa sentensi moja iliyonakiliwa hajakwambia kitu, na anayekiri kwamba pampu iliharibika na kutaja lini ilitengenezwa amekupa jambo la kuhakikisha. Pigia simu mapokezi, uliza kuhusu pampu hiyohiyo bila kutaja ulikosoma habari zake, kisha linganisha majibu.