Stoo ya chini imejaa maji: jinsi ya kuyatambua, kuyatoa na kuyazuia kabla ya msimu ujao

Mara ya kwanza kuitwa kunyonya maji kwenye stoo ya chini ilikuwa Kibirizi, hapa Kigoma. Nilimaliza saa tisa alasiri, nikalipwa, nikaenda zangu. Kesho yake alfajiri simu ikaita: "Fundi, maji yamerudi." Nikarudi kwa aibu. Yalikuwa yamepanda hadi alama ile ile ya jana ukutani, ila safari hii masafi, sakafu inaonekana. Na usiku kucha halikudondoka hata tone. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua zimeshakata. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba nilikuwa nashindana na Ziwa Tanganyika kwa pampu ya inchi mbili.

Tangu siku hiyo siwashi pampu kabla sijajua maji yametoka wapi.

Kwa asiyeijua Kigoma: mji wetu ni wa miteremko. Mtu akijenga anakata kilima, upande wa juu nyumba inakuwa usawa wa barabara, upande wa chini anajipatia chumba cha ziada ambacho kuta zake mbili au tatu zimezikwa udongoni. Wengine wanakiita andagraundi. Humo ndimo yanakaa magunia ya dagaa, madumu ya mawese, mifuko ya simenti, na pengine mpangaji.

Hatua ya 1: Soma utabiri wa msimu kama fundi

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. (Wilaya za kaskazini kama Kibondo na Kakonko, Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huziweka kwenye kundi la vuli na masika, kwa hiyo ndugu zangu wa huko msisome taarifa isiyo yenu.) Ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua, unashuka kusini kulifuata jua, nao upepo wenye unyevu unaingia kutoka upande wa Kongo. TMA hutoa mwelekeo wa msimu kabla mvua hazijashika, na maneno yake ni matatu: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani.

Wastani huo ni jumla ya msimu mzima ukilinganishwa na kawaida ya miaka mingi. Hausemi chochote kuhusu usiku mmoja. Msimu unaweza kuwa wa wastani kabisa, lakini sehemu kubwa ya mvua ya mwezi ikamwagika kwa saa tatu, na stoo yako ikajaa. Kwa hiyo mwelekeo wa msimu utumie kupanga kazi: mchanga uletwe lini, kokoto kiasi gani, mzigo uhamishwe au ubaki. Kwa usiku mmoja mmoja fuata taarifa za kila siku. TMA ikitaja mvua kubwa, maana yake ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, na ngazi zake ni angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwenye angalizo mimi huwa nishainua magunia.

El Niño ikitajwa redioni, simu yangu haipumziki. Ukweli ni kwamba mkono wake ni mzito zaidi kwenye mvua za vuli za pwani na kaskazini kuliko huku magharibi. Lakini ziwa ni habari nyingine. Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, upande wa Kongo. Maji yake mengi huondoka kwa kukaushwa na jua. Likipanda, haliteremki kwa mwaka mmoja. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 hadi 2020 zilipandisha maziwa ya ukanda huu, na mwaka 2024 Tanganyika likaingia hadi kwenye mitaa ya Bujumbura. Kwa hiyo kama uko jirani na ziwa, usiulize tu msimu huu utakuwaje; kumbuka na miwili iliyopita. Misimu miwili ya mvua nyingi mfululizo inanitia hofu kuliko El Niño moja.

Hatua ya 2: Jua maji ni ya wapi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Mimi nayagawa matatu.

*Maji ya bati.* Yanaingia mvua ikiwa bado inanyesha, na yanakoma muda mfupi baada ya mvua kukoma. Ni machafu, yana majani. Piga hesabu: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 12 kwa 10, likipata milimita 50, linamwaga lita 6,000, yaani matanki sita ya lita elfu, yote miguuni pa ukuta wako kama hakuna gata. Watu wanakuja kwangu wakitaka sakafu ivunjwe, kumbe dawa ni gata na bomba la kupeleka maji mbali.

*Maji ya mlima.* Yanaanza saa chache baada ya mvua au hata kesho yake, na yanaendelea siku mbili tatu. Yanatoka ukuta wa upande wa juu tu, mara nyingi pale ukuta unapokutana na sakafu, na yana rangi ya udongo. Mtaa wa Mwanga, hapa mjini, nimeyakuta mara nyingi.

*Maji ya ziwa.* Haya ni maji ya chini ya ardhi, yanayopanda na kushuka pamoja na ziwa. Yanatoka sakafuni, kila upande kwa usawa, masafi, na hayajali kama leo kumenyesha. Ziwa hufika juu kabisa Aprili na Mei, mvua zikiwa zinaisha au zimeisha, na hushuka hadi chini kabisa kuelekea Oktoba na Novemba. Ndiyo maana watu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji ya chini wanashangaa kuloa wakati wengine wanaanika.

Ukiwa na shaka, fanya vipimo viwili. Cha kwanza: kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha nailoni ukubwa wa gazeti, ziba pande zote nne kwa solotepu, subiri siku mbili. Unyevu ukiwa nyuma ya nailoni, unatoka ukutani. Ukiwa mbele, ni hewa ya chumba tu, na unachohitaji ni dirisha. Cha pili: nje, kama mita mbili kutoka ukutani, chimba tundu jembamba kupita kina cha sakafu, simamisha bomba la plastiki ulilolitoboa matundu, lifunike. Kila Jumapili tumbukiza fito, andika maji yako kina gani. Fito hiyo imeniokoa na hasara nyingi kuliko mashine yoyote niliyonunua.

Kuna chanzo cha nne cha kijinga ambacho huwa nakisahau: bomba lililopasuka. Funga koki zote, angalia mita ya maji. Ikizunguka, umepata jibu bila kuchimba.

Hatua ya 3: Kabla hujatia mguu

Zima umeme kwenye swichi kubwa. Kama swichi yenyewe iko humo chini au imelowa, usiiguse. Ita TANESCO wakate kutoka nje. Maji yaliyofika kwenye soketi usiyaingie hata kama taa zimezimika, maana inawezekana ni luku tu imeisha, na jirani mwema anaweza kukununulia umeme ukiwa umesimama ndani.

Pampu ya petroli au jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba cha chini hakina pa kuitolea. Ingiza mpira wa kunyonya tu, injini ibaki juani.

Vaa buti za mpira. Choo cha shimo cha jirani kinajaa maji hayo hayo.

Hatua ya 4: Toa maji polepole

Maji ya bati yanyonye hata kwa saa moja, hakuna neno. Lakini kama ni ya mlima au ya ziwa, ardhi ya nje imejaa na inausukuma ukuta. Maji ya kimo cha mita moja yanabana mguu wa ukuta kwa uzito wa kilo elfu moja kwa kila mita ya mraba. Yaliyo ndani ndiyo yanayousaidia kusimama. Ukiyatoa yote kwa pupa, ukuta wa tofali usio na nondo unaweza kulalia ndani, na sakafu nyembamba ikainuka katikati kama chapati.

Weka alama ya chaki pale maji yalipofika, kisha toa theluthi moja. Lala. Asubuhi yakiwa yamerudi hadi alama ya jana, acha pampu. Nje bado kumejaa, unachoma mafuta bure. Yakiwa hayajarudi, toa theluthi nyingine. Stoo kubwa hunichukua siku tatu au nne, na wenye mali hunung'unika. Mama mmoja wa Mwanga aliwahi kuniambia, "Fundi, unakula siku." Nikamwonyesha ufa wa ukutani uliokuwa umeanza, akaniletea kiti na chai.

Hatua ya 5: Safisha, tupa, kausha

Tope liondoke likiwa bado bichi. Sugua kwa maji na sabuni kwanza, ndipo upitishe jiki iliyozimuliwa, kama kikombe kimoja kwa ndoo ya lita 20. Jiki juu ya uchafu haifanyi kazi. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, hewa yake inachoma mapafu.

Dagaa waliolowa wanatupwa. Mahindi yaliyolowa, usianike ukajidanganya, sumukuvu haionekani wala haiishi kwa kupika. Simenti iliyoganda kwenye mfuko ni jiwe. Madumu ya mawese yaliyofungwa vizuri yaoshwe nje, yako salama.

Halafu fungua milango na usipige plasta. Hili nalirudia kwa sababu kila mtu anataka chumba chake kipendeze kabla wageni hawajaja. Plasta juu ya ukuta uliolowa inatoa chumvi nyeupe na kubanduka kabla ya Krismasi. Kiangazi chote, Juni hadi Septemba, ni cha ukuta kupumua.

Hatua ya 6: Kazi ya kiangazi

Kwa maji ya bati: gata, bomba la kushusha, na sakafu ya nje iliyoinamishwa kutoka ukutani, sentimita tano kwa kila mita. Basi.

Kwa maji ya mlima unachimba mtaro upande wa juu. Kina chake kipite chini ya sakafu ya stoo lakini kisipite kitako cha msingi, la sivyo unachimba kaburi la nyumba. Tandaza kokoto, laza bomba la inchi nne lenye matundu, matundu yaangalie chini, mteremko wa sentimita moja kila mita. Funika kwa kokoto tena, juu yake mchanga mkubwa ili udongo wetu mwekundu usizibe, halafu udongo. Bomba litokee upande wa bondeni, penye mfereji wa mtaa, si uani kwa jirani. Nimeona undugu wa miaka ishirini ukifika kwa mtendaji kwa ajili ya bomba la inchi nne.

Mtaro ukiwa wazi, ndiyo nafasi pekee ya kuuona ukuta kwa nje. Usiipoteze. Piga plasta ya moja kwa tatu (simenti moja, mchanga tatu) yenye dawa ya kuzuia maji, ikauke, kisha lami mara mbili. Kuziba kwa ndani peke yake ni kama kuziba ndoo kwa nje: maji yanasukuma rangi na plasta hadi vinadondoka.

Kwa maji ya ziwa mtaro hausaidii, kwa sababu hakuna pa kuyapeleka. Ziwa ndilo bondeni. Unaweza kuchimba shimo la kukusanyia kwenye kona, sentimita 60 kila upande, ukaweka pampu ya kuzama yenye boya na valvu isiyoruhusu maji kurudi. Inafaa kama maji yanapita sakafu kwa kiganja tu, kwa wiki chache. Lakini umeme ukikatika usiku, umerudi pale pale. Yakifika magotini kila mwaka, inua sakafu kwa kifusi na zege juu ya alama ya juu kabisa uliyowahi kuiona, hata kama utaingia umeinama.

Kuhusu alama, tazama mbali kidogo. Karne ya 19 ziwa lilikuwa juu zaidi kwa mita kadhaa, kabla maji hayajaifungua Lukuga miaka ya 1870. Mahali pa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley pale Ujiji, waliokutana 1871, sasa pako mbali na ufukwe. Ardhi nyingi tunayoiita kavu iliwahi kuwa ya samaki.

Hatua ya 7: Oktoba

Zibua gata na mitaro. Mwaga ndoo mbili za maji juu ya bomba uone yanatokea wapi. Jaribu pampu, usingoje mafuriko ndipo ujue panya wamekula waya. Panga magunia juu ya chaga. Tumbukiza fito: maji ya Oktoba yakiwa juu kuliko ya Oktoba iliyopita, hamisha mzigo mapema bila kujali utabiri umesema nini.

Yule mteja wangu wa Kibirizi alinyonya maji miaka miwili mingine kabla hajakubali. Mwaka wa tatu tulijaza ile stoo kifusi lori nne, tukamwaga zege, tukamjengea banda upande wa barabara. Dagaa wake sasa wanakaa huko juu. Pampu yake ya inchi mbili aliniuzia mimi.