Kusoma fizikia chuo kikuu Tanzania: kuanzia maombi hadi kazi

Tangazo la kazi linalosema "anahitajika mwanafizikia" ni adimu sana. Wanaotafutwa ni mtaalamu wa mionzi, afisa vipimo, mtabiri wa hali ya hewa, mpimaji wa maji ya chini ya ardhi, mwalimu, mchambuzi wa takwimu. Kazi hizo zote mwanafizikia anaziweza, lakini kila moja inataka kitu cha ziada juu ya shahada. Kwa hiyo ukiingia fizikia, hesabu kwamba hadi mwisho wa mwaka wa pili uwe umeshajua mlango unaoulenga. Anayesubiri hadi joho la mahafali hujikuta anaanza upya.

Kabla ya kutuma maombi

Waliotoka michepuo yenye fizikia na hisabati (PCM, PGM au PMC) wana njia nyoofu. Kiwango cha chini cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa mwenye kidato cha sita ni principal mbili, yaani masomo mawili yaliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa karatasi, basi, D mbili zinafikisha. Kwa uhalisia, D ya hisabati ndiyo itakayokutesa, kuliko hata D ya fizikia yenyewe.

Aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) amesoma BAM, hisabati ya msingi, si hisabati kamili, na programu nyingi za fizikia zinataka hisabati kamili. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huohuo, utafute jina la programu na chuo, usome safu ya sifa neno kwa neno. Masharti hubadilika, na mwongozo wa kaka yako wa miaka mitatu iliyopita si wa kutegemea.

Maombi yanatumwa chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba maalumu unayotumiwa, ndani ya muda uliotangazwa. Kuna wanaokosa nafasi kila mwaka kwa sababu laini ya simu waliyojaza kwenye fomu haipo tena.

Angalia pia usichanganye majina. Shahada ya sayansi katika fizikia si sawa na shahada ya sayansi na ualimu yenye fizikia. Ya pili inakuingiza darasani moja kwa moja; ya kwanza itakudai uongeze stashahada ya uzamili ya elimu kabla ya kutambuliwa kuwa mwalimu. Wala usiende fizikia ukitumaini kutokea mlango wa nyuma wa uhandisi: ukitaka usajili wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), soma uhandisi tangu mwanzo. Kama moyo wako uko kwenye hali ya hewa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada yake kamili ya meteorolojia.

Mwaka wa kwanza unaangusha kwa hisabati

A-level fomula unapewa, unaweka namba. Chuoni unaambiwa uitoe hiyo fomula mwenyewe, na kifaa cha kuitolea ni kalkulasi, vekta na matriksi. Mhadhiri wa umakanika hatasubiri kozi ya hisabati ifike kwenye milinganyo tofautishi. Ataitumia mapema, na asiyeijua ataona ubao umejaa alama tu. Ukiwa nyumbani unasubiri chuo kifunguliwe, rudia utofautishaji na uunganishaji mpaka mkono uende wenyewe.

Muda wa kusoma unahesabika. Krediti moja ni saa 10 za kazi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukitoa saa 3 za darasani kwa wiki 15, zinabaki 75, yaani saa 5 kila wiki kwa kozi hiyo moja nje ya darasa. Wengi wanazilipa saa hizo zote wiki mbili za mwisho, kwa kukesha na madesa (noti za kunakili). Kwenye kozi za kusimulia inaweza kukutoa. Kwenye fizikia mtunzi wa mtihani anachukua swali la mwaka jana, anaiweka pendulamu ndani ya lifti inayoshuka kwa mchapuko, na aliyekariri amekwisha.

Njia inayofanya kazi haina mvuto: chukua swali, funga majibu, pambana nalo dakika 30, kisha chungulia mstari mmoja tu wa jibu na uendelee mwenyewe. Ukilimaliza, badilisha sharti moja ulifanye tena. Kikundi cha watu 3 au 4 kinatosha. Wakifika 8, mmoja anafundisha na saba wananakili.

CA, yaani alama za majaribio ya ndani ya muhula, usiidharau. Kozi ikiwa na alama 40 za majaribio na 60 za UE (mtihani wa mwisho wa muhula), ukaingia UE na 14, unahitaji 26 kati ya 60 ili tu ufike 40. Hapo ndipo sapu (mitihani ya marudio) zinapozaliwa, na sapu zikirundikana kuna kukeri (kubeba kozi hadi mwaka unaofuata) na kudisko (kuondolewa masomoni). Mwaka wa kwanza unaingia kwenye GPA, wastani wa alama zako zote. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, na ufadhili mwingi wa uzamili hauangalii chini ya hapo.

Maabara: usipike data

Chukua jaribio la pendulamu, ambalo kila mtu anadhani analijua. Uzi wa mita 1 unabembea kwa takriban sekunde 2. Mkono wako kwenye saa unakosea kama sekunde 0.2. Ukipima mbembeo mmoja, kosa ni asilimia 10. Ukipima mibembeo 20 ni 0.2 kwa sekunde 40, yaani nusu asilimia. Na kwa kuwa g, mchapuko wa mvutano wa dunia unaotafutwa, ni 4π²L/T² (L ni urefu, T ni muda wa mbembeo mmoja), kosa la T huingia mara mbili kwenye g, kwa hiyo nusu asilimia inakuwa asilimia 1.

Pembe nayo: ukiachia kutoka nyuzi 30, muda wa mbembeo unaongezeka kwa asilimia 1.7 hivi, na g yako inashuka kwa zaidi ya asilimia 3. Baki chini ya nyuzi 10. Urefu unapimwa hadi katikati ya kipira, si hadi fundo la uzi; kipira chenye nusukipenyo cha sentimita 1 kwenye uzi wa sentimita 50 ni kosa la asilimia 2. Ndiyo maana tunachora T² dhidi ya L kwa urefu 6 au zaidi na kutumia mteremko. Kosa hilo la urefu linahamia mahali mstari unapokata mhimili, na mteremko unabaki salama, karibu na 4.03.

Ripoti yenye 9.81 kamili na nukta zilizonyooka kama rula inajulikana mara moja kuwa imepikwa. Yenye 9.6 na maelezo ya kosa limetoka wapi ina alama zaidi, na inakufundisha kazi utakayolipwa baadaye: kusema kipimo kinaaminika kwa kiasi gani.

Data hiyohiyo ipeleke kwenye Python, lugha ya kuandikia programu ambayo ni ya bure. Andika programu inayobembeza pendulamu bila kudhani pembe ni ndogo, ulinganishe na namba zako za maabara. Kazi ndogo tano za namna hii, zikiwa na grafu safi, zina uzito mbele ya mwajiri kuliko cheti cha kozi fupi ya kompyuta.

Milango yenyewe

Fizikia tiba ndiyo yenye njia ndefu na uhaba mkubwa wa watu. Hospitali yenye tiba ya mionzi, kama Ocean Road ya Dar es Salaam, haiwezi kumtibu mgonjwa bila mtu wa kukokotoa dozi na kuhakiki mashine. Kwa viwango vinavyotumika sana, dozi ya mashine ya LINAC (inayotoa mionzi ya kutibu) hukaguliwa kila siku na haitakiwi kupishana na iliyowekwa kwa zaidi ya asilimia 3. Kwenye ukaguzi wa kila mwezi, asilimia 2. Unahitaji shahada ya uzamili ya fizikia tiba, kisha mafunzo ya kliniki ya kama miaka 2 chini ya mwangalizi. Kwa usalama wa mionzi viwandani, hospitalini na mipakani, mahali pa kuomba fildi (mafunzo kwa vitendo) ni Tume ya Nguvu za Atomu.

Upimaji wa maji unalipa mapema zaidi. Kabla ya kuchimba kisima kirefu, mtu anapitisha umeme ardhini kwa vijiti viwili vya nje na kusoma volti kwenye viwili vya ndani. Kadiri vijiti vya nje vinavyoachana, ndivyo unavyoona chini zaidi. Kosa la kawaida ukanda wa pwani ni kuona ukinzani mdogo na kushangilia maji, kumbe ni maji ya chumvi au udongo wa mfinyanzi. Anayelinganisha na jiolojia ya eneo ndiye anayeitwa tena.

TBS (Shirika la Viwango) na Wakala wa Vipimo wanahitaji watu wa vipimo. TMA ni Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mabenki na kampuni za simu huchukua wenye takwimu na programu, bila kujali sana shahada inaitwaje.

Barua za fildi zitume miezi 4 kabla, kwa taasisi 5 au 6, ukitaja unachoweza kufanya. "Naomba nafasi ya kujifunza" peke yake haisomwi.

Kwa uzamili, anza na AIMS (taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati) yenye kituo Kigali, taasisi ya utafiti ya EAIFR iliyo Chuo Kikuu cha Rwanda, na ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) ya Trieste, Italia, yenye diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea na pia uzamili wa fizikia tiba wa miaka 2. Zote zinataka barua za wahadhiri wanaokufahamu. Mhadhiri wa darasa la watu 200 hakujui. Msimamizi wa mradi wako wa mwaka wa tatu anakujua, basi mwombe wiki 6 kabla, ukiambatanisha matokeo na ukurasa mmoja wa ulichofanya kwenye mradi.