Mtengenezee mtoto kitabu cha dagaa

Chukua A4 nne zikunje katikati, shona kwa uzi kwenye mkunjo, hapo una kurasa 16. Mada moja tu, mfano dagaa. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki pale Mwanza, na simu yako piga picha mtumbwi, nyavu, taa, dagaa walioanikwa, alafu kaprinti stesheneri, kila ukurasa picha moja kubwa na sentensi fupi ya ukweli, "Dagaa huvuliwa usiku. Hufuata mwanga wa taa." Dagaa anayeongea na kuvaa kofia hapana, hiyo ni hadithi, ina kitabu chake. Majina ya vitu weka pembeni na mshale. Mkisoma usikimbilie maneno, mwache akodolee picha kwanza aulize, akiuliza sangara alitoka wapi mwambie aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, basi ushapata ukurasa mwingine.