Namna ya Kuoanisha Amplifaya ya Valvu na Hedifoni

Sifa inayotajwa mara nyingi kuhusu amplifaya za valvu, yaani zile zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo yenye ombwe badala ya transista ndogo za vifaa vingi vya leo, ni kwamba sauti yake ni laini na besi yake imeshiba. Sifa hiyo ina ukweli, lakini haiwezi kutolewa kabla ya kujua ni hedifoni gani iliyochomekwa, kwa sababu amplifaya ileile huweza kuipa hedifoni moja besi ya kupendeza, ikaivuruga ya pili hadi maneno ya mwimbaji yamezwe na mvumo, na ya tatu isiibadilishe chochote ila kuipunguzia nguvu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutabiri matokeo hayo kabla ya kutoa fedha, na namna ya kuyahakiki kwa masikio baadaye. Msimamo wangu ni kwamba impidansi ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya sauti utakayoisikia, na kwamba chapa ya valvu, ambayo wapenzi wa muziki huijadili kwa hamasa kubwa zaidi, inastahili kushughulikiwa mwisho.

Anza na namba mbili

Impidansi ni ukinzani wa kifaa dhidi ya mkondo wa umeme unaogeuka-geuka, kama ule unaobeba sauti, nayo hupimwa kwa omu. Unahitaji kujua impidansi ya hedifoni pamoja na impidansi ya kutolea ya amplifaya, yaani ukinzani uliomo ndani ya amplifaya yenyewe, ambao mkondo hauna budi kuupitia kabla ya kufika kwenye plagi. Ukinzani huo wa ndani na hedifoni hugawana volti kwa uwiano wa omu zao. Amplifaya nyingi za transista zina impidansi ya kutolea isiyozidi omu chache, hivyo karibu volti zote huifikia hedifoni. Amplifaya ya valvu isiyo na transfoma ya kutolea, yaani kifaa cha koili kinachopunguza volti na kuongeza mkondo kabla ya hedifoni, inaweza kuwa na omu 120 au zaidi, na hapo ndipo mgawanyo unapoanza kusikika.

Jambo linalopuuzwa ni kwamba namba iliyochapishwa kwenye boksi la hedifoni kwa kawaida imepimwa kwenye hezi 1,000 tu, yaani kwa toni inayotetemeka mara 1,000 kwa sekunde. Hedifoni za koili, zile ambazo kiwambo chake husukumwa na koili ndogo iliyomo ndani ya sumaku, huwa na eneo la besi ambapo kiwambo hutetemeka kwa wepesi kuliko kwingineko, na katika eneo hilo impidansi hupanda. Sennheiser HD 650, yenye omu 300, hupanda hadi karibu omu 500 katika besi iliyo jirani na hezi 100. Ukiiunganisha na amplifaya yenye omu 120, sauti za kati hupungua kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 2.9 ilhali besi hiyo hupungua kwa desibeli 1.9 pekee, na ukishaongeza sauti ili kufidia upungufu, kinachobaki ni besi iliyoinuka kwa desibeli 1 hivi. Mwinuko huo ni mdogo na umetandaa, hauchokozi sikio, na kwa maoni yangu ndio unaobeba sehemu kubwa ya utamu ambao wasikilizaji wa hedifoni hii huuhusisha na valvu.

Sasa chukua hedifoni ya omu 32 ambayo impidansi yake hupanda hadi omu 64 katika besi, uichomeke kwenye amplifaya hiyohiyo. Mwinuko unakuwa desibeli 4.4. Kiasi hicho hakuna asiyekisikia, na hakihitaji sikio lililofunzwa: gitaa la besi linavimba, ngoma kubwa inachelewa kunyamaza, na sauti ya mwanamume anayeimba kwa chini inaonekana kutokea kifuani pekee. Mara nyingi utasoma kwamba tatizo hili ni mawili, yaani besi kuongezeka na amplifaya kushindwa kukituliza kiwambo. Kwa kweli ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili, kwa hiyo usilihesabu mara mbili unapolinganisha vifaa.

Jaribu kwa rezista kabla ya kununua

Hatua hii ni rahisi mno, na ningependa kila mtu anayefikiria kununua amplifaya ya valvu aipitie. Chukua amplifaya ya kawaida ya transista unayoiamini, kisha tengeneza waya mfupi wa kuunganishia wenye rezista (kijenzi kidogo chenye ukinzani maalumu) ya omu 120 kwa kila upande, kushoto na kulia. Kila rezista iwekwe kwenye waya unaobeba sauti wa upande wake. Usiweke rezista moja kwenye waya wa pamoja wa ardhi, kwa maana ukifanya hivyo sauti za kushoto na kulia zitaingiliana na jaribio litaharibika. Sikiliza hedifoni yako kupitia waya huo, kisha uondoe waya, urekebishe sauti ifikie kiwango kilekile, na usikilize tena.

Utakachosikia ni mabadiliko ya uwiano wa sauti ambayo amplifaya ya valvu yenye omu 120 ingeyaleta kwa hedifoni hiyo. Hutasikia hamoniki za valvu, yaani sauti za ziada ambazo valvu huziongeza juu ya kila noti, wala mvumo wake, lakini utakuwa umejua kama mwelekeo wenyewe unakupendeza. Ikiwa hedifoni yako imegeuka kuwa nzito na yenye ukungu, hakuna valvu ya thamani itakayoiokoa kwenye amplifaya ya namna hiyo. Namba 120 yenyewe haikuokotwa: kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 cha mwaka 1996 kilipendekeza omu 120 kuwa impidansi ya kutolea kwa ajili ya hedifoni.

Aina tatu za amplifaya

Amplifaya zisizo na transfoma ya kutolea hupitisha sauti kutoka kwenye valvu hadi kwenye hedifoni kupitia kapasita kubwa, yaani kijenzi kinachohifadhi umeme na kupitisha mkondo unaogeuka-geuka tu. Nyingi hutumia valvu za 6AS7G au 6080, ambazo zilibuniwa kwa kazi ya kudhibiti volti katika mitambo ya umeme na zina ukinzani mdogo wa ndani zikilinganishwa na valvu nyingine. Hata hivyo, ukinzani huo haushuki kufikia ule wa transista. Amplifaya hizi zina uwezo mkubwa wa volti na uwezo mdogo wa mkondo, na kwa sababu hiyo zinapatana na hedifoni za omu 250, 300 na 600. Angalia pia ukubwa wa kapasita ya kutolea: kapasita ya maikrofaradi 47, pamoja na omu 120 za amplifaya, huanza kukata besi kwenye hezi 8 ikiwa hedifoni ni ya omu 300, lakini huanzia hezi 22 ikiwa hedifoni ni ya omu 32, kiasi ambacho tayari kinagusa mpaka wa usikivu.

Amplifaya zenye transfoma ya kutolea hubadilisha volti nyingi na mkondo mdogo wa valvu kuwa volti chache na mkondo mwingi, na zile zilizotengenezwa vizuri huwa na matundu au swichi ya kuchagua hedifoni za impidansi ndogo na kubwa. Ni nzito, na transfoma nzuri ni ghali, lakini ndizo zinazomhudumia vyema mtu mwenye hedifoni za aina mbalimbali. Amplifaya chotara, ambazo valvu huongeza volti na transista husukuma mkondo, kwa kawaida zina impidansi ndogo ya kutolea na hukubali karibu hedifoni yoyote; tabia yake ya valvu basi hutokana na hamoniki pekee, nayo huwa hafifu.

Kila hedifoni na tabia yake

Hedifoni za koili zenye omu nyingi ndizo ambazo amplifaya zisizo na transfoma zilikusudiwa. HD 650 inahitaji volti 2.2 tu na miliampia 7.5 ili ifikie kilele cha desibeli 110, mzigo ambao valvu hubeba bila kuhema. HD 800, ambayo watu wengi huiona kuwa na mng'ao mkali katika sauti za juu, hunufaika zaidi, kwa sababu impidansi yake pia hupanda sana katika besi na hivyo upande wa chini huinuka na kuupunguzia mng'ao huo uzito. Ieleweke kwamba ukali wenyewe haujaondolewa. Umesawazishwa tu na besi, na rekodi iliyo kali itaendelea kuwa kali. Beyerdynamic DT 880 ya omu 600 hubadilika kwa kiasi kidogo kuliko hizo mbili, kwa hiyo inamfaa anayetaka kusikia tabia ya amplifaya bila kuongezewa besi. Uangalifu unahitajika wakati wa kununua, kwani DT 880 imetolewa pia katika omu 32 na 250, na majina yanafanana.

Hedifoni za planari, ambazo kiwambo chake ni bapa na kimetandazwa nyaya nyembamba kote, zina impidansi isiyobadilika takriban kutoka besi hadi sauti za juu. Amplifaya yenye omu 120 haitaubadilisha uwiano wa sauti yake. Itaipunguzia nguvu tu, na kwa hedifoni ya omu 60 upungufu huo ni desibeli 9.5. Tatizo kubwa zaidi ni mkondo. HiFiMAN HE-6, yenye omu 50 na inayotoa desibeli 83.5 kwa miliwati moja, inadai karibu miliwati 450 na miliampia 95 ili ifikie desibeli 110, ambazo amplifaya nyingi zisizo na transfoma haziwezi kuzitoa. Dalili ya kushindwa husikika kabla sauti haijawa kubwa: mapigo ya ngoma yanapoteza ncha, na kwaya inapopandisha sauti waimbaji wanajazana mahali pamoja. Kwa hedifoni za planari tumia amplifaya yenye transfoma au chotara.

Spika ndogo za kuingiza ndani ya sikio, hasa zenye viendeshi vingi (visehemu vya kutoa sauti) katika kila upande, ziwekwe mbali na amplifaya zisizo na transfoma. Impidansi yake hupanda na kushuka huku na huko, hivyo uwiano wa sauti huharibika usitambulike, na kwa kuwa ni nyepesi mno kutoa sauti, hufichua kila mvumo na mchachatiko wa amplifaya.

Kupima na kusikiliza

Ikiwa mtengenezaji hakutaja impidansi ya kutolea, unaweza kuipima mwenyewe kwa multimita, bila kufungua amplifaya. Cheza toni ya hezi 400 kwa sauti ndogo, upime volti kwenye tundu la kutolea bila mzigo, yaani bila kuchomeka chochote, kisha uunganishe rezista ya omu 300 badala ya hedifoni na upime tena. Gawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili, utoe 1, uzidishe kwa 300. Ukipata volti 1.00 kisha 0.71, impidansi ni takriban omu 122.

Toni hiyohiyo itumike kulinganisha viwango unaposikiliza amplifaya mbili. Pima volti hedifoni ikiwa imechomekwa, na uhakikishe kwamba tofauti haizidi asilimia 1 au 2, kwa sababu sikio huichukulia sauti kubwa kidogo kuwa ndiyo bora. Kisha chagua rekodi chache unazozijua vizuri: moja yenye besi ya kudonolewa kwa vidole isiyofunikwa na ala nyingine, moja yenye sauti ya mtu aliyerekodiwa kwa karibu, na moja yenye ala nyingi kwa pamoja. Katika ya kwanza sikiliza kama kila noti ya besi ina ukubwa sawa na jirani yake. Noti moja ikiruka juu kuliko nyingine, unausikia mwinuko wa impidansi.

Kuhusu hamoniki, valvu za triodi, yaani aina sahili yenye elektrodi tatu, huongeza hasa hamoniki ya pili, ambayo iko oktavu moja juu ya noti yenyewe na kwa hiyo huungana nayo badala ya kugombana nayo. Kiasi chake huongezeka kadiri mzigo unavyokuwa mzito, yaani kadiri omu za hedifoni zinavyopungua, na hii ni sababu nyingine ya amplifaya moja kusikika safi kwa hedifoni ya omu 300 na chafu kwa ya omu 32.

Usalama na valvu zenyewe

Ndani ya amplifaya hizi mna volti zinazozidi 100, na kapasita zake huweza kushikilia umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo asiyekuwa fundi asifungue boksi. Amplifaya isiyo na transfoma iwashwe hedifoni ikiwa haijachomekwa, uache valvu zipate moto kwa dakika moja, ndipo uchomeke, kwa sababu kapasita ya kutolea inapojaa hutoa msukumo wa umeme ambao haufai kupitia kwenye koili.

Unapotaka kubadilisha valvu, zima amplifaya, subiri ipoe, na uweke tu zile ambazo mtengenezaji amezikubali. ECC82 na 12AU7 ni valvu moja yenye majina mawili, la Ulaya na la Marekani. ECC88 ina umbo lilelile na inaingia kwenye soketi ileile, lakini waya zake za kupashia moto zimeunganishwa tofauti, na haipaswi kuwekwa mahali pa ECC82. Baada ya kubadilisha, igonge valvu kwa upole kwa rabari ya penseli ukiwa umevaa hedifoni: ikilia kama kengele na mlio ukadumu, valvu hiyo inaitikia mitikisiko na itatia mlio wake katika muziki, hasa ikiwa ndiyo ya kwanza kupokea sauti.